Kijana aliniuliza umri wa dunia, nikamjibu kwa hasira. Naomba ushauri

Mwalimu wa Vijana

Habari zenu wana jamvi. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nafungua uzi kwa sababu kuna jambo linaninyima usingizi.

Ninafundisha Biblia darasa la vijana kanisani, mwaka wa tisa sasa. Wiki tatu zilizopita tulikuwa Mwanzo sura ya 1. Kijana mmoja wa miaka 16 akanyoosha mkono: "Mwalimu, dunia ina miaka mingapi?" Nikajibu bila kusita, elfu sita. Akasema shuleni wamefundishwa ni miaka bilioni 4.5, na wameelezwa jinsi miamba inavyopimwa. Akauliza, kwa adabu kabisa, sasa yeye ashike lipi. Darasa zima likanigeukia. Nikapandisha sauti. Nikamwambia achague: ama amwamini Mungu, ama awaamini watu wanaotafuta njia ya kumwondoa Mungu.

Akafunga daftari lake taratibu, akachomeka kalamu kwenye waya wa daftari, akakaa kimya hadi kipindi kikaisha. Jumapili mbili hajaonekana. Mama yake ananiambia kijana kasema hivi: kama ni lazima kuchagua, basi keshachagua.

Kauli hiyo imenichoma, maana uchaguzi huo nilimpa mimi.

Nimekaa nikajiuliza hiyo elfu sita niliitoa wapi. Babu aliniachia Biblia ya zamani ya Kiingereza. Pembeni mwa Mwanzo 1:1, kwa herufi ndogo sana, pamechapwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Nimekua nikiuona mwaka huo. Kwangu ulikuwa ni Maandiko.

Naombeni ushauri, wenye elimu na wenye imani. Nikikubali hiyo miaka bilioni, Mwanzo nitaisomaje? Na huyu kijana nimwendee vipi? Sitaki kumdanganya, na imani yangu siiachi.

Msomaji Tu

Nenda kamwombe msamaha kwanza. Miamba imesubiri muda wote huo, itasubiri na wiki hii.

Mpenda Historia

Pole sana mwalimu. Nianze na hiyo Biblia ya babu, maana nadhani fundo liko hapo.

Mwaka 4004 haumo kwenye Mwanzo. Ni hesabu ya James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, aliyoichapisha mwaka 1650. Alijumlisha umri wa mababu wa vizazi, akaunganisha na tarehe za wafalme wa kale, akafika mwaka huo. Kufikia mwaka 1701 wachapaji walikuwa wameanza kuiweka pembeni mwa Biblia za Kiingereza, na watu wakaizoea. Mzee huyo alikuwa msomi mkubwa na alifanya kazi ya uaminifu kwa vitabu alivyokuwa navyo, hivyo tusimdharau. Lakini ni hesabu ya mtu.

Na si hesabu pekee. Kalenda ya Kiyahudi inahesabu kuumbwa kwa dunia kuanzia mwaka 3761 kabla ya Kristo. Wakristo wa Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki, walihesabu 5509. Wote walitegemea vizazi vilevile! Sababu mojawapo ni kwamba Biblia ya Kiebrania inasema Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka 130, wakati tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuajinta, inasema 230. Tena neno "akamzaa" huweza kuruka vizazi: Mathayo 1:8 inatoka kwa Yoramu moja kwa moja hadi Uzia, ikiwaruka wafalme watatu tunaowasoma kwenye vitabu vya Wafalme na Nyakati.

Kwa hiyo ulichokitetea mbele ya vijana hakikuwa Neno la Mungu. Ulitetea maandishi ya pembeni mwa ukurasa.

Mpasua Miamba

Mwalimu, mimi ni mjiolojia, na Jumapili niko kanisani kama wewe. Nikueleze tunavyopima, ili ukikaa na kijana uzungumze kitu unachokijua.

Kuna punje ndogo kwenye miamba, inaitwa zirkoni. Nyingi ni ndogo kuliko chembe ya chumvi. Tunasaga jiwe, tunalichuja, halafu mtu anakaa kwenye darubini na kuokota punje mojamoja. Zirkoni inapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka, hupokea madini ya urani (uranium) ndani yake lakini huikataa risasi (madini ya lead). Urani nayo hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani-238 huchukua miaka bilioni 4.47 kugeuka. Kwa hiyo ukikuta risasi ya aina hiyo ndani ya punje, imezaliwa humohumo. Unapima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unapata umri. Uzuri ni kwamba kuna urani ya pili, urani-235, ambayo nusu yake hugeuka kwa miaka milioni 704 na kuzaa risasi ya aina nyingine. Ni saa mbili ndani ya punje moja, zenye mwendo tofauti kabisa. Zikikubaliana, ni vigumu sana kusema zote zimekosea sawasawa.

Zirkoni kutoka Jack Hills, Australia Magharibi, imepimwa ikakutwa na miaka bilioni 4.4. Umri wa dunia yenyewe ulipatikana kwa vimondo, mawe ya angani yaliyoundwa wakati mmoja na dunia, kwa kuwa miamba ya mwanzo kabisa ya dunia imeyeyushwa na kusagwa. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani, Clair Patterson, alichapisha jibu la bilioni 4.55, akitumia vimondo, kikiwemo kile cha Canyon Diablo cha Arizona. Alihangaika miaka kwa sababu risasi ilikuwa kila mahali, kwenye vumbi, hewani, hata kwenye nywele, na ikamlazimu asafishe maabara yake kupita kiasi. Leo tunasema bilioni 4.54, kosa likiwa kama milioni 50 juu au chini.

Hakuna hatua hata moja hapo inayouliza kama Mungu yupo. Kipimo hakina uwezo huo.

Neno Limesimama

Mwalimu usiyumbe. Nasema haya kwa upendo. Lord Kelvin, mwanafizikia mkubwa wa karne ya 19, alisema dunia ina kati ya miaka milioni 20 na 400, wasomi wakamfuata. Leo ni bilioni. Kesho je? Konokono hai wamewahi kupimwa kwa kaboni wakaonekana wamekufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Na Adamu aliumbwa mtu mzima. Mungu ashindwe kuumba dunia iliyokomaa? Ukianza kulegeza sura ya kwanza, utasimamia ipi?

Mpasua Miamba

Ndugu yangu, nakuheshimu, na maswali yako ni ya haki.

Kelvin alihesabu kama vile dunia ni jiwe gumu linalopoa tu. Hakuzingatia kwamba mwamba wa ndani hujongea taratibu na kubeba joto, na alipopiga hesabu yake mwaka 1862, mnururisho, yaani madini kama urani kugeuka na kutoa joto, haukuwa umegunduliwa. Uligunduliwa mwaka 1896. Alisahihishwa kwa ushahidi. Tangu 1956 namba imesogea kidogo sana.

Konokono ni kweli. Walijenga magamba kwa kaboni iliyotoka kwenye mawe ya chokaa ya zamani yaliyoyeyuka majini, na sababu hiyo inajulikana. Ila kaboni-14 haipimi umri wa dunia hata siku moja. Nusu yake hupotea kila miaka 5,730, na ikipita miaka 50,000 hivi haibaki ya kutosha kupimwa.

La dunia iliyokomaa siwezi kulipinga kwa chombo chochote. Swali langu ni la imani. Adamu mtu mzima naelewa. Lakini Adamu mwenye kovu la jeraha ambalo hakuwahi kulipata? Miamba ina makovu: volkano zilizolipuka, vimondo vilivyogonga, viumbe vilivyozaliwa, vikavunjika mfupa, vikapona, vikafa. Zaburi ya 19 inasema mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu. Mimi nashindwa kuamini kwamba kazi ya mikono yake inasimulia mambo ambayo hayakutokea.

Neno Limesimama

Hilo la kovu nitalitafakari. Sijakubali, lakini nitalitafakari. Mwalimu, mwendee kijana. Hapo sina ubishi na wenzangu.

Bint Ilmu

Naomba nichangie kama Mwislamu. Qur'ani inataja kuumbwa kwa mbingu na ardhi kwa siku sita, lakini umri wa dunia haikuutaja. Na inatuambia siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu tunayohesabu sisi (22:47), na mahali pengine inataja siku ya miaka elfu hamsini (70:4). Nanyi mna Zaburi 90:4 yenye maana hiyohiyo.

Nimeandika kwa sababu kaka yangu alijibiwa kama ulivyomjibu huyo kijana. Aliuliza kwa kutaka kujua, akaambiwa ana shetani. Ni miaka kumi na moja hajasujudu. Hakuondolewa na sayansi, kaka yangu. Aliondolewa na ile aibu mbele ya wenzake. Usichelewe.

Mwalimu wa Vijana

Wakuu, narudisha mrejesho. Nimekwenda jana.

Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake, kwa sababu nilimkosea mbele ya watu. Nikamwambia swali lake lilikuwa zuri na jibu langu lilitokana na hofu. Kisha nikafungua Biblia ya babu nikamwonyesha ile 4004. Akaisogeza dirishani apate mwanga, akapitisha kidole kwenye ule mstari mwembamba unaotenga maandishi ya pembeni na Maandiko. Akasema, "Kumbe iko nje ya mstari."

Nilimweleza wazi kwamba ushahidi wa miamba naona una nguvu, na kwamba siku sita bado natafuta jinsi ya kuzisoma. Jua lenyewe linaonekana siku ya nne, sijui kwa nini sikuwahi kusimama hapo miaka yote hii. Kwamba Mungu ndiye aliyeumba, hapo sina shaka, naye amesema hana.

Akaleta daftari. Alikuwa amepima kwenye ramani upana wa Atlantiki kati ya Afrika na Amerika Kusini, akapata kilomita 5,000 hivi. Mabara yanaachana kama sentimita 4 kwa mwaka. Akagawanya, akapata miaka milioni 125. Chini yake ameandika swali: itakuwaje kama zamani yalikuwa yanakwenda kasi zaidi? Sikuwa na jibu, nikaahidi kumuuliza Mpasua Miamba.

Mpasua Miamba

Mwambie ameuliza kama mtafiti. Mwaka 1968 meli ya Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Atlantiki ya Kusini, bahari hiyohiyo aliyoipima. Tope lililolalia mwamba wa chini lina visukuku vya viumbe vidogo vinavyoonyesha umri wake. Walivyozidi kwenda mbali na mgongo wa katikati ya bahari, safu ya milima chini ya maji ambako sakafu mpya huzaliwa, ndivyo umri ulivyozidi, kwa uwiano unaokaribia mstari ulionyooka. Kama kasi ingekuwa kubwa mno zamani, mstari ungepinda. Achore grafu, umbali chini, umri pembeni. Nitamwandalia namba za visima hivyo, uje nazo Jumapili.

Mwalimu wa Vijana

Nashukuru sana. Amesema Jumapili atakuja.