Naomba ushauri: mbunifu wa mwonekano aingie lini kwenye kazi ya timu?

Habari za kazi wakuu, na shikamooni wakubwa.

Niko Mwanza, mbunifu wa mwonekano kwenye timu ndogo inayotengeneza programu ya simu kwa wauza dagaa na sangara wa Mwaloni, Kirumba. Madevelopa wapo kadhaa, mbunifu ni mimi peke yangu. Shida ni kwamba kazi inanifikia ikiwa imeshapikwa: "Weka rangi, panga vitufe, Ijumaa inatoka." Nikisema hatua ya malipo inamchanganya mama muuzaji, naambiwa hifadhidata imeshapangwa hivyo, kubadili ni gharama.

Na hapa si suala la urembo. Pale mwaloni jua ni kali, simu nyingi ni za bei nafuu, mikono imelowa. Maandishi yetu ya kijivu hayasomeki kabisa. Mwongozo wa WCAG (wa kimataifa, wa kufanya tovuti na programu zitumike na watu wote) unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa mandharinyuma kwa angalau 4.5 kwa 1, sisi hatufiki.

Nimejaribu kuchora skrini mapema kwenye Figma (programu ya kubuni mwonekano) na kuwatumia kiungo, hawafungui. Nikaomba twende wote sokoni, akaja mmoja tu (huyo sasa ananielewa, ila ni mgeni kazini, hana sauti). Bosi anasema tusigombane, basi.

Mliofanya kazi kwa sprinti (vipindi vifupi vya kazi ya timu) za wiki mbili: mbunifu hutangulia sprinti moja mbele, au hukaa ndani ya ileile na madevelopa? Na mchoro wa skrini ukigongana na msimbo wa madevelopa, nani awe na kauli ya mwisho?