Wakuu, naomba ushauri: Yesu alikuwa Mwesene?

Mwalimu wa Vijana: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha vijana kanisani. Jumapili zamu yangu ni makundi ya dini ya Wayahudi enzi za Yesu: Mafarisayo, Masadukayo na Waesene, na jinsi Ukristo ulivyoanzia humo. Tangu juzi usingizi hauji. Swali langu dogo tu: nikisema Yesu alikuwa Mwesene, nitakuwa nimekosea?

Mama Pendo: Mwanangu, funga uombe kwanza. Vijana wanahitaji wokovu, si makundi.

Mzee wa Ziwani: Enzi zetu katekista alitufundisha Mfarisayo ni mnafiki, basi. Shemeji yangu nilimwita hivyo miaka mingi. Nimekuja kusoma Matendo 23 nina mvi: Paulo yuko mbele ya baraza, anatamka kwamba yeye ni Mfarisayo. Ni, si alikuwa! Nilipanda basi nikaenda kumwomba shemeji radhi.

Chumvi ya Pwani: Mkuu, ushahidi huo haupo. Waesene hawatajwi popote katika Agano Jipya. Tunawajua kwa waandishi wa karne ya kwanza: Yosefo, Filo na Plinio. Yosefo anasema walizidi 4,000, na Mafarisayo 6,000. Ila swali dogo halimnyimi mtu usingizi. Umeficha nini?

Mwalimu wa Vijana: Kitini kimeshatolewa kopi. Nakala 60, hela ya kwaya. Ukurasa wa 4 nimeandika Yesu alilelewa Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, panapodhaniwa na wengi kuwa makao ya Waesene. Lakini jamani, sikukurupuka. Waesene na wafuasi wa Yesu walifanana: mali ya shirika, kula pamoja, kuoga kwa utakaso, nyika ileile ya Yudea alikohubiri Yohana. Yasomeni magombo, yale maandiko ya kale yaliyopatikana Qumran kuanzia 1947.

Chumvi ya Pwani: Kufanana si kulelewa. Utakaso wa maji ulikuwa wa Wayahudi wengi, ndiyo maana Kana arusini palikuwa na mabalasi sita ya mawe. Halafu soma Hati ya Dameski, andiko la kale la kanuni, nakala zake zilikutwa humohumo Qumran: mnyama akitumbukia shimoni siku ya Sabato, asitolewe. Sasa fungua Mathayo 12:11: Yesu anasema kondoo akitumbukia shimoni siku ya Sabato, mwenyewe humtoa.

Dereva wa Usiku: Subirini kwanza. Kwaya gani inatoa hela ya kitini? Mwezi uliopita kuna mtu alileta kisa hikihiki, ila yeye alikuwa mchungaji. Hii ni chai.

Mzee wa Ziwani: Hata mimi nimeanza kuisikia tangawizi.

Mwalimu wa Vijana: Si chai, wazee wangu. Vitini viko chini ya kitanda, nimevifunga kwa kamba ya katani. Kuanzia nakala ya 40 maandishi yamefifia upande wa kulia, mashine iliishiwa wino. Mzee wa kanisa ameshachukua moja. Kuvichoma siwezi.

Mama Pendo: Chai au si chai, hela ya kwaya irudi.

Chumvi ya Pwani: Nani kasema uchome? Toa ukurasa wa 4 tu, weka Matendo 15:5: Mafarisayo walioamini, wanadai watu wa mataifa watahiriwe. Hapo vijana wataona ubishi ulikuwa wa Wayahudi kwa Wayahudi, Hekalu likiwa bado limesimama, kabla ya mwaka 70.

Dereva wa Usiku: Picha ya kamba ya katani tafadhali.

Mwalimu wa Vijana: Pini zinang'oka bila kuchana karatasi. Nimeshatoa 11.