Wasifu wa bibi aliyesoma biashara Marekani: tarehe tuzihakiki vipi?

Mwana_Igoma: Wakuu, salaam. Bibi yetu anakaribia miaka 90. Alisoma biashara Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kujiunga na chama cha wanafunzi wa fani hiyo, vile vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki. Aliporudi Mwanza alifanya kazi ushirika wa pamba, baadaye akauza dagaa kwa mtaji wake. Tunataka kijitabu cha maisha yake angali hai. Beji anayo, jina la chama limemtoka. Mjomba anashikilia kuwa ni Delta Sigma Pi.

Karani_Mstaafu: Mjomba hayuko sahihi. Delta Sigma Pi (1907) na Alpha Kappa Psi (1904), zote zilizozaliwa Chuo Kikuu cha New York, zilikuwa za wanaume hadi katikati ya miaka ya 1970, baada ya sheria ya Marekani ya 1972 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Kwa miaka ya bibi, anzeni na Phi Chi Theta au Phi Gamma Nu, vyama vya wanawake vya 1924. Tazameni herufi ya kwanza: Φ (Phi) ni duara lililokatwa na mstari wima, Δ (Delta) ni pembetatu. Geuzeni na mgongo wa beji, huenda kuna maandishi yamechongwa. Ipigeni picha kwa mwanga wa dirishani. Taa ya simu huwaka juu ya chuma na kuficha michoro.

Mkiwaandikia chama, tumieni jina alilojiandikisha nalo chuoni. Wengi hutuma jina la ndoa, wanajibiwa hayumo.

Mama_Bwiru: Na chuo kiandikieni sasa, bibi asaini idhini mwenyewe. Vyuo vya Marekani havitoi rekodi za masomo kwa ndugu bila saini ya mhusika. Vitabu vya picha vya kila mwaka vya wanafunzi, vingi vimewekwa mtandaoni bure.

Nyamagana77: Beji itachukua nusu ukurasa, jamani. Utajiri uko kwenye pamba na dagaa. Msimuulize "mwaka gani?", mtapata makisio. Ulizeni kwa matukio: Azimio la Arusha (1967) lilimkuta ofisi gani? Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa 1976, alihamia wapi? Kisha muingie kwenye kazi yenyewe: dagaa alinunua kwa ndoo au gunia, alianika mchangani au kwenye vichanja, mvua ikinyesha kabla hawajakauka alifanyaje, daftari la wadaiwa alilipangaje, nani alimfundisha hesabu.

Rekodini asubuhi, dakika 40 zinatosha, akichoka majibu yanakuwa mafupi. Zimeni feni, simu iwe hali ya ndege, na msirekodi chini ya bati mvua ikinyesha. Picha zilizogandana kwenye albamu msizibandue: pigeni ukurasa mzima zikiwa hapohapo. Nyuma ya picha zilizo huru andikeni majina kwa penseli laini, wino hupenya.

Mwana_Igoma: Shukrani. Beji inaanza na Φ. Mjomba amenyamaza.