Bunduki ndefu za Pennsylvania: kwanini mtutu mrefu hivi halafu tundu dogo?

Fundi Randa
Habari wakuu. Mimi seremala, niko huku Pennsylvania mwaka wa pili sasa. Jumamosi niliingia makumbusho moja maeneo ya Lancaster nikakuta bunduki za gumegume za miaka ya 1700 huko, aisee nilisimama pale karibu saa nzima. Mbao yake ina mistari ya mawimbi kuanzia kitakoni mpaka mdomo wa mtutu, rangi kama asali iliyokolea, na imechongwa nyembamba mpaka unajiuliza haikupasuka vipi. Babu yangu alikuwa na gobore lakini hii kitu ni dunia nyingine kabisa. Maswali yangu: kwanini mtutu mrefu vile na tundu kwa kuangalia tu kidole cha mwisho hakipiti? Na kile kisanduku cha shaba cha njano kwenye kitako kina kazi gani? Anayejua anieleze kwa kirefu tafadhali, sina haraka.

Mzee wa Baruti
Mkuu umeuliza swali zuri sana. Mafundi wa kwanza walikuwa Wajerumani na Waswisi waliohamia huko, walikuja na raifo ya kwao (bunduki yenye mifuo ndani ya mtutu) ya kuwindia, fupi nene, mtutu kama sentimita 75 na tundu la milimita 15 au 16 hivi. Sasa huku Marekani mwindaji anaingia porini miezi, risasi na baruti anabeba mgongoni, duka hakuna. Piga hesabu: ratili moja ya madini ya risasi kwa tundu lile nene inatoa vidonge (risasi za mviringo) 20 hivi, ukipunguza tundu mpaka milimita 11 unapata 50 na zaidi! Ndo maana tundu likapungua. Mtutu wenyewe ukarefushwa mpaka sentimita 105 hadi 115, baruti nyeusi ipate nafasi ya kuungua yote na kidonge kipate kasi, halafu umbali kati ya alama mbili za kulengea ukiwa mrefu kosa la mkono linaonekana mapema unarekebisha.

Kisanduku ni cha vitambaa. Kidonge kinafungwa kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta ndo kinashindiliwa, kitambaa kinashika ile mifuo ya ndani inayozungusha kidonge. Gobore la babu nadhani ndani lilikuwa laini, ndo tofauti kubwa. Wajerumani kisanduku chao kilikuwa na kifuniko cha mbao cha kuvuta, ukikivuta kinatoka chote, kikidondoka porini basi tena. Huku wakaweka shaba yenye bawaba.

Mama Noto
Naongezea upande wa kutengeneza maana hapo ndo moyo wangu ulipo. Mtutu ulianza kama bapa la chuma, wanalikunja kuzunguka ufito wa chuma wanalichomelea kwa nyundo na moto kipande kwa kipande, kisha wanatoboa ndani, wanasawazisha nje pembe nane. Mifuo ilikatwa kwa mashine ya mbao ya kuvuta kwa mikono, kisu kidogo kinapita kwenye mfuo mmoja mara nyingi sana, kikiacha kukata wanaweka kipande cha karatasi chini yake kiinuke kidogo waendelee. Mara nyingi mifuo ilikuwa 7 na mzunguko mmoja kwa kama mita 1.2, yaani kidonge kinatoka hata hakijamaliza duara moja!

Mbao ni mti wa mepo (maple), mistari haijachorwa, ni nyuzi za mti zenyewe zimejipinda. Walipaka asidi iliyoyeyushiwa chuma halafu wakapitisha moto, rangi ikatoka yenyewe. Ila ule mtambo wa gumegume, unaotoa cheche za kuwasha baruti, wengi waliununua umeshatengenezwa, mwingi ulitoka Uingereza. Miaka ya 1960 fundi Wallace Gusler kule Williamsburg, Virginia, alitengeneza bunduki nzima mpaka mtambo wake kwa zana za zamani tu, ikajulikana kuwa inawezekana.

Kijana wa Mtaani
Sasa kama ilikuwa kali hivyo si ndo iliwashinda Waingereza kwenye vita vya uhuru wa Marekani?

Mzee wa Baruti
Hapana mdogo wangu, hapo watu wanatia chumvi. Ilichelewa kushindiliwa, bunduki ya kawaida ya askari ilipiga mara 3 kwa dakika, na hii haikuwa na singe, wakikufikia umekwisha. Ilifaa msituni na milimani, kama kwenye pigano la King's Mountain, kule Carolina, tarehe 7 Oktoba 1780. Kazi kubwa ya vita waliifanya askari wenye bunduki za kawaida.

Fundi Randa
Asanteni sana jamani, nimejifunza. Ile niliyoiona juu ya mtutu imeandikwa J. Dickert, na kisanduku kina ua kichwani.

Mama Noto
Jacob Dickert wa Lancaster huyo! Na ua hilo ndo alama ya watu wa Lancaster, mafundi wa upande wa Lehigh, Pennsylvania hiyohiyo, kitako chao kina mgongo uliopinda, cha Lancaster kimenyooka. Ukirudi angalia kama wameweka na kalibu ya kuyeyushia vidonge. Kila bunduki ilikuwa na kalibu yake, maana tundu halikuwa la kipimo kimoja, na mifuo ikilika fundi anaikata upya, tundu linapanuka, inabidi na kalibu ipanuliwe.