Tupeane uzoefu: Nani aliwahi kulizwa na disketi?

Bibi wa Jinja
Jana nilikuta kabatini disketi ya inchi 3.5, kile kisahani cha zamani cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, na kibati chake bado kinarudi chenyewe ukikisukuma kwa kidole. Ilibeba megabaiti 1.44 tu, nasi tuliikabidhi kazi ya miezi. Mliozitumia, tusimulieni.

Karani wa Mbale
Bibi, umenitonesha kidonda. Mwaka 1996 nilikuwa karani wa mishahara, na orodha nzima ilikuwa faili moja lililogawanywa katika disketi saba. Kompyuta iliharibika siku moja kabla ya malipo, tukaazima nyingine, nikaanza kurudisha nakala. Nilipofika disketi ya tano, mashine ilikwaruza, krr, krr, ikanyamaza, ikakwaruza tena, kisha skrini ikaandika kwamba haisomeki. Bila ya tano, ya sita na ya saba hazikuwa na faida. Nilipovuta kibati niliona mstari mwembamba wa mviringo uliochimbika kwenye utando wa ndani unaoshika data, kwa maana kichwa cha kusomea hugusa utando wenyewe, na punje moja ya vumbi letu jekundu inatosha kuukwangua. Umeme nao ukakatika, tukakesha na taa ya chemli tukinakili majina kutoka leja.

Mwalimu wa Arua
Pole sana, dada. Sauti hiyo naijua.

Fundi wa Kampala
Dada, ungeziba kitundu cha pembeni kwa karatasi ya gundi, disketi isingeharibika.

Mzee wa Kasese
Fundi, usipotoshe watu. Kuziba kulikuwa kwa zile laini za inchi 5.25. Hizi za inchi 3.5 hufungwa zisiandikwe kwa kuacha kitundu wazi.

Fundi wa Kampala
Mzee, ofisini kwetu tuliziba miaka yote.

Mwalimu wa Arua
Basi mlikuwa na zile laini. Hata hivyo, kitundu huzuia kuandika juu ya data, hakizuii vumbi. Bibi, usiiingize hiyo yako popote kabla mashine haijasafishwa kichwa kwa spiriti.

Fundi wa Kampala
Bibi, mimi nasema iingize leo hii, maana kila mwaka sumaku yake inazidi kufifia.

Bibi wa Jinja
Nitasafisha kwanza. Karani, mishahara ililipwa?

Karani wa Mbale
Ililipwa saa kumi jioni. Wazee wawili niliwaruka wakati wa kunakili, nikawapelekea fedha zao nyumbani kwa baiskeli kabla giza halijaingia.