Tupeane uzoefu: ulipangaje safari yako ya msituni, mlimani au baharini hapa nyumbani?

Mtembezi wa Mombo

Wakuu, habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu wa kupanga safari za kutembea kwa miguu, kupanda milima na kuogelea baharini hapahapa Tanzania. Nina likizo ya siku kumi mwezi wa nne, nitakuwa na mke wangu na binti yetu wa miaka 12, na safari hii sitaki kukosea tena.

Nianze na yangu. Mwaka juzi nilipanga Lushoto, nao ulikuwa mwezi wa nne kwa sababu ndipo likizo ilipotoka. Tulitaka kutembea kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku nne, tukilala vijijini. Basi lilitushusha Mombo mvua ikinyesha, na haikukoma. Siku ya pili, njia ya kuelekea Magamba ilikuwa utelezi mtupu. Ule udongo mwekundu ulishika soli za viatu hadi kila mguu ukawa mzito kama umefungiwa tofali. Kijana wa Kisambaa aliyekuwa akituongoza alikata fimbo mbili, akatupa, akasema kwa upole: "Kaka, tukilazimisha leo, kesho shemeji hatembei." Tukarudi. Kule Irente, ambako siku ya jua unaona hadi mashamba ya mkonge kule chini nyikani, tuliona ukungu tu. Mke wangu hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nyie wenzangu mlipangaje?

Mtu wa Mang'ula

Mkuu, asante kwa uzi huu, na pole. Masika usicheze nayo. Mimi nakushawishi uende Udzungwa, lakini sogeza likizo ifike kati ya Juni na Oktoba.

Kinachonipendeza Udzungwa ni kwamba ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari, ni miguu tu. Kutoka Dar unapita Mikumi, unakata kushoto njia ya Ifakara, unapita mashamba ya miwa ya Kilombero hadi Mang'ula. Mlima umesimama palepale pembeni ya barabara. Maporomoko ya Sanje yanashuka jumla ya mita 170 hivi, na ukianza asubuhi unakwenda na kurudi siku hiyohiyo, pamoja na kuoga kwenye bwawa la maji baridi.

Nilikwenda na mdogo wangu mwezi wa nane. Tukiwa tunapanda, mwongozaji aliinua mkono ghafla. Siafu walikuwa wanakatiza njia, mstari mweusi mpana kama kiganja, wenye vichwa vikubwa wamesimama kingoni taya wazi. Alitufundisha kuchomeka suruali ndani ya soksi, kisha kuvuka kwa hatua ndefu bila kusimama. Mdogo wangu akasimama apige picha. Alipata picha, ila alivua suruali mbele ya watu, na siafu akimng'ata anabaki amening'inia hata ukimkata kiwiliwili. Nayaeleza haya kwa sababu ya binti yako. Mfundisheni kabla, ataweza.

Tulipokaa kimya kwenye mwamba, mbega wekundu walikuja juu yetu. Kuna pia kima wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakisikia mlio wake siku zote. Sisi tulimsikia, hatukumwona. Nitarudi kwa ajili yake.

Bebeni vitambulisho vya taifa. Kiingilio cha mzawa ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, lakini lazima uonyeshe wewe ni nani.

Dada wa Kilindoni

Kaka Mtembezi, msisahau bahari. Mie nililia Mafia mara mbili, mara ya kwanza kwa kukosa na ya pili kwa furaha.

Nilikwenda Agosti kumtafuta papa potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa meupe. Kusi lilikuwa linavuma, na boti kutoka Nyamisati ilitutesa. Nilitapika hadi nikaishiwa nguvu. Kufika Kilindoni, mzee mmoja mvuvi akaniuliza, "Mwanangu, nani kakwambia uje sasa?" Potwe wanaonekana vizuri kuanzia Oktoba hadi Machi. Aliyeniuzia safari alijua, akanyamaza na kupokea pesa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, pigia simu mtu anayeishi huko umuulize upepo na msimu.

Nikarudi Desemba. Bahari shwari, jaketi la kuokolea mwilini, nikaingia majini. Kwanza sikuona kitu, halafu nikaona madoa meupe, mengi, yanapita chini yangu, yanapita, hayaishi. Nilidhani ni mchanga wenye mwanga wa jua. Ndipo nikaona mkia. Alikuwa anakula karibu na uso wa maji, kinywa kimefunguka kama mlango, na hakunijali kabisa. Hali mtu, anachuja vidudu vidogo vya majini. Msimguse na msimkatize mbele.

Mpanda Mlima

Langu ni fupi. Kilimanjaro, njia ya Marangu. Kampuni moja iliniuzia siku tano kwa kuwa ni nafuu. Kambi ya Kibo, mita 4,720, kichwa kiliuma kama kinapasuka na nikatapika chai. Mwongozaji akanishusha usiku uleule, na namshukuru mpaka leo. Mwaka uliofuata nikachukua siku sita, nikalala kambi ya Horombo usiku mmoja zaidi ili mwili uzoee, nikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mkuu, siku moja ya ziada inunue hata kama itabidi ukope.

Kwa binti, mpeleke geti la Marangu hadi kambi ya Mandara na kurudi, siku moja. Msitu ni mzuri mno.

Mwenyeji wa Makete

Nawasalimu wote. Niwatofautie kidogo kuhusu mvua: hifadhi yetu ya maua ya Kitulo, bila mvua huoni kitu. Maua yale yanachanua kati ya Desemba na Aprili, ndiyo maana watu wanaiita Bustani ya Mungu. Ukija Julai utakuta nyasi kavu na baridi ya kugandisha umande. Ukipanda kutoka Chimala kuja Matamba, kona zile tunaziita Hamsini na Saba. Dereva asiyezijua asizijaribu wakati wa mvua. Mpate wa hapa.

Ombi langu moja: msing'oe maua. Okidi zetu zimechimbwa sana mizizi yake kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa mizizi hiyo na kuuzwa Zambia, na kila shina linalobaki tunalihesabu.

Mtembezi wa Mombo

Wakuu, nimesoma yote mara mbili, na mke wangu amesoma pia. Leo nimeongea na bosi, likizo imesogezwa hadi wiki ya kwanza ya Septemba. Tunakwenda Udzungwa siku nne, halafu tunarudi Lushoto kumaliza ile njia ya Mtae. Mafia tutajiwekea akiba ya Desemba mwakani. Mwenyeji wa Makete, Kitulo nakuja peke yangu kwanza, niijue njia.

Mtu wa Mang'ula, swali: binti namnunulia buti mpya au raba zinatosha?

Mtu wa Mang'ula

Raba zenye meno soli zinatosha kwa Sanje. Ukinunua buti, nunua sasa, avae kila Jumamosi kwenda dukani na kurudi, akiwa na soksi zilezile atakazovaa huko. Na soksi ziwe ndefu, kwa ajili ya siafu.