Ushauri: kadi ya besiboli ya 1909-11, nichukue 5 yenye OC au 3 tupu?

Mkusanyaji_Ohio: Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kuhusu kadi za T206, zile zilizokuwa zikitiwa kwenye pakiti za sigara huku Marekani. Muuzaji ana mbili za mchezaji yuleyule, bei moja, zote nyuma zina tangazo la sigara za Piedmont na zimefungwa kwenye kasha la PSA, kampuni inayopima hali ya kadi na kuipa daraja la 1 hadi 10, 10 ikiwa bora kabisa. Lebo ya kwanza imeandikwa 5 (OC), ya pili 3 tu. Ya 5 pembe zake bado kali na rangi imekolea, ila picha imesogea hadi ukingo mweupe wa kushoto umebaki mwembamba kama uzi. Nichukue ipi?

BabuKadi: OC maana yake picha haijakaa katikati. Wanasema hali ya kadi ni 5, lakini kasoro hiyo moja imevuka kiwango cha daraja hilo. Ukiona MK, kadi imeandikwa kwa kalamu au penseli. ST ni doa. Mwenye kadi anaweza kuomba apewe namba bila herufi, na mara nyingi hushuka kama madaraja mawili. Hesabu mwenyewe: hiyo 5 ingetoka 3. Bei ni halali.

Dada_Zuhura: Naongezea, usiilinganishe na 5 ya SGC, kampuni nyingine ya kupima kadi. Wao hawaweki herufi, kasoro wanaikata kwenye namba yenyewe. Halafu 3 inaruhusiwa kuwa na mkunjo. Mwambie muuzaji aipige picha taa ikimulika kwa pembeni, maana kwenye skani mkunjo unajificha.

Mwanza_Boy: Hizo herufi mbona zinapunguza thamani bure? Kadi ni ileile.

BabuKadi: Hapana mdogo wangu, zinakusaidia kujua namba imetoka wapi. Na namba tupu nayo isikulevye. Kadi iliyokatwa kingo ili ionekane safi zaidi hustahili neno Authentic bila namba, lakini T206 ya mchezaji Honus Wagner, kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, ilipewa 8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa kadi na minada, alikiri kwamba aliikata kingo. Mkuu, hizo zako zipime kwa macho kwanza.

Mkusanyaji_Ohio: Picha ya taa imefika. Ile 3 ina mkunjo unaopita shavuni mwa mchezaji. Nachukua 5. Asanteni sana, Babu na Dada Zuhura.